Ukoo wa Poa, Pole na Poza

Mtoto akichemka homa usiku, mama huchovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akamwekea kwenye paji la uso. Anaipoza homa. Kitenzi hicho kimezaliwa na poa: chai hupoa, hasira hupoa, maumivu nayo hupoa.

Shina lake ni la kale, na zamani lilikuwa na sauti ya l au jirani yake. Kiswahili kiliidondosha, kama kilivyoidondosha katika njala ikawa njaa. Hata hivyo haikupotea yote. Imesalia katika pole na polepole. Wataalamu kama Carl Meinhof na, baada yake, Malcolm Guthrie, aliyechapisha kazi yake kubwa kuanzia 1967 hadi 1971, walilinganisha lugha za Kibantu kwa mabadiliko ya sauti ya namna hii.

Ndugu wa poa wametapakaa mbali. Mzulu husema phola, na neno hilohilo hutosha kwa chakula kilichopoa na kidonda kilichopona. Mshona husema pora kwa maana zote mbili. Kwa Wakikuyu p imekuwa h: moto ukizimika husemwa hora, na kahora ni polepole. Waganda wana wola na mpola.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba poa hutembea na pona kama pacha. Kikuyu kina hora na hona, Kiganda wola na wona, Kishona pora na pona. Ni vitenzi viwili, lakini kwa wazee wetu ubaridi na uzima vilikaa jirani sana. Pona ndilo lililompa jina Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Alifariki miaka michache baadaye.

Nasi tukimwambia mgonjwa "ugua pole", tunamtakia maradhi yasiyomchoma.

Kwenye maboksi ya vidonge imezoeleka "kutuliza maumivu". Si kosa, tuliza ni neno zuri. Lakini poza lina nasaba ndefu na linastahili kuandikwa hapo pia, na watunzi wa kamusi wangetusaidia sana kuuonyesha ukoo wake. Nawe msomaji, waulize wazee wa kwenu husemaje kidonda kikianza kupoa, kisha uliandike neno hilo.