Kadi tatu zafichua siri ya uwiano wa dhahabu

UWIANO wa dhahabu, takriban 1.618, si nambari ya kukariri tu. Mwanafunzi aweza kuuthibitisha kwa makasi na uzi.

Huhitajika kadi tatu ngumu, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 16.2. Katikati ya kila kadi hukatwa mpasuo wa sentimita 10, sambamba na upande mrefu. Katika kadi moja, mpasuo huendelezwa hadi ukingo wa upande mfupi ili kadi zote zipenyezane kwa pembe mraba. Kisha pembe 12 za kadi huunganishwa kwa uzi, kila moja na zile zilizo karibu nayo zaidi.

Hapo huzaliwa ikosahedroni, umbo lenye nyuso 20 za pembetatu na kingo 30: sita ni pande fupi za kadi, 24 ni nyuzi. Kingo zote hulingana.

Urefu wa kadi ukipunguzwa hadi sentimita 15, nyuzi hupungua hadi sentimita 9.4 hivi, na pembetatu 12 hupoteza usawa wa pande zake.

Uhusiano wa uwiano huu na maumbo hayo ulielezwa na Mwitaliano Luca Pacioli katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1509, michoro ikitokana na kazi ya Leonardo da Vinci.