Usiku wa mwisho wa risasi

Wadau, ofisini kwetu tumeletewa programu mpya ya kuhariri na kupanga kurasa. Mafunzo siku mbili, soda na sambusa juu. Aliyeachwa nje ni msoma prufu wetu, mzee aliyenifundisha kutochanganya "thamani" na "dhamana". Hakualikwa na hakuna aliyemweleza kwa nini. Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma wenzetu walipitaje hapa.

Zamani gazeti lilipangwa kwa risasi. Siyo ya bunduki, ni ile madini. Mashine ya Linotype iliyeyusha risasi ikatoa mstari mzima wa herufi kwa mkupuo. Ilianza kazi gazetini New York mwaka 1886, na mpanga chapa aliyeimudu alikuwa fundi hasa. Kisha ikaja kompyuta. Mwandishi anachapa, mstari unajipanga wenyewe. Sasa fundi afanye nini?

New York walijifunza kwa kuumia. Desemba 1962 wapanga chapa waligoma siku 114, na mashine mpya zilikuwa moja ya sababu. Mwaka 1974 kiongozi wa chama chao, Bertram Powers, akakubali mkataba wa miaka 11: wenye magazeti walete mashine watakazo, lakini fundi aliyekuwepo asifukuzwe, ana kazi mpaka astaafu. Chama kilijua kinajichimbia kaburi polepole, maana vijana hawangeingia tena. Lakini hakuna aliyetupwa barabarani. Usiku wa kuamkia Julai 2, 1978, The New York Times lilipangwa kwa risasi mara ya mwisho. Kuna filamu ya usiku ule. Uchungu unauona usoni mwa mafundi, halafu unawaona baadhi yao wakibandika kurasa za mtindo mpya.

London hali ikawa nyingine. Desemba mwaka huohuo wenye The Times walilifunga kwa karibu mwaka mzima ili kuvibana vyama. Liliporudi Novemba 1979, waandishi bado hawakuruhusiwa kuingiza stori zao kwenye kompyuta. Rupert Murdoch akalinunua mwaka 1981, akaandaa kwa siri mitambo mipya Wapping, nyuma ya seng'enge. Wachapaji walipogoma Januari 24, 1986, zaidi ya 5,000 wakafukuzwa. Mgomo ukapita mwaka mzima, magazeti yakitoka kama kawaida.

Siwatetei sana wachapaji wa London, vyama vyao vililinda nafasi nyingi zisizo na kazi. Kilichonisimamisha ni wanahabari. Wachache walikataa kwenda Wapping. Wengi walipita mbele ya waliofukuzwa, wakaingia kuchapa.

Na mimi nilikula sambusa kimya.

Kesho nina stori ya kurasa mbili. Nitaitoa kwenye karatasi nimpelekee mzee, kalamu yake nyekundu ifanye kazi. Halafu kwenye kikao cha saa nne nitamuuliza mhariri, mbele ya wote, mzee amepangiwa nini.