Namba Plate ya Bilioni Mbili: Mbona Wasee Wananunua Herufi kwa Bei ya Ghorofa?

Ukifika mtaani na ndai mpya hapa Nairobi, hakuna mtu anaanza na injini. Mbogi inazunguka mbele ya bampa, inasoma namba plate, halafu mmoja anasema, "Buda, kumbe ni KDM!" Hapo heshima imeshapimwa. Kama ni KBL, watakusifu vile umeitunza. Hizo ni sifa za kupewa babu.

Na hizo herufi hukuchagua, zilikupata tu kwa foleni. Sasa fikiria ukiweza kuchagua mwenyewe.

Tarehe 8 Aprili 2023, huko Dubai, kulikuwa na mnada wa kuchangisha pesa za kulisha watu wenye njaa. Namba iliyongojwa ilikuwa P 7. Herufi moja, tarakimu moja, basi. Bei ilianza dirham milioni 15 na ikaishia dirham milioni 55. Weka kwa shilingi zetu za wakati huo: karibu bilioni 2. Mnunuzi hakutaka jina lake litajwe. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa imekaa tangu 2008, wakati mfanyabiashara Saeed Khouri alinunua namba 1 ya Abu Dhabi kwa dirham milioni 52.2. Na kumbuka hiyo ni kipande cha bati tu. Gari unajinunulia kivyako.

Kabla useme hawa watu wamerogwa, piga hesabu nao. Namba za Dubai huwa na herufi pamoja na tarakimu zisizozidi tano. Kwa kila herufi, tarakimu moja pekee ziko tisa, na hakuna mtu ataongeza ya kumi. Wadosi wanaozitaka nao wanazidi kila mwaka. Tena huko namba ni ya mtu, si ya gari. Ukiuza gari unabaki na namba yako, na ukichoka nayo unamuuzia mwingine. Shika hapo kwanza, kwa sababu hapo ndipo bei yote imelala: namba inakuwa mali ikiwa ni adimu na unaweza kuiuza bila gari. Ikikosa moja kati ya hizo mbili, hiyo umenunua pambo.

Waingereza walishtukia hii kitu kitambo. Serikali yao ilianza kuuza namba za kuchagua mwaka wa 1989. Noma ilikuwa Novemba 2014, wakati namba "25 O" iliuzwa kwa pauni 518,000 ukijumlisha kodi na ada. Aliyenunua ni John Collins, muuzaji wa Ferrari za zamani, na alitaka kuiweka kwa Ferrari 250 iliyowahi kumilikiwa na Eric Clapton. Soma tena pole pole: hiyo O inasomeka kama sifuri. Namba ilikuwa inataja gari lenyewe! Kuna ingine, F1, ambayo ilikaa na serikali ya wilaya ya Essex tangu 1904 kama kitu cha kawaida tu, hadi 2008 ikauzwa zaidi ya pauni 440,000. Miaka mia moja walikuwa wanaendesha dhahabu bila kujua.

Hong Kong nao wana mambo yao. Nane ni namba ya baraka, nne inakwepwa kwa sababu kwa Kikantoni inasikika kama kifo. Mwaka wa 2021 herufi W peke yake ilienda kwa dola za Hong Kong milioni 26.

Lakini si kila ujanja hulipa. Kule California kuna mtaalamu wa usalama wa kompyuta aliyejichagulia namba "NULL", neno ambalo kwa kompyuta ni "hakuna kitu". Pengine alidhani mashine za faini zitamruka. Manze! Kila faini iliyoingizwa bila namba ya gari ikaanza kutafuta mwenye "hakuna kitu", na ikampata yeye. Zilifika zaidi ya dola 12,000, na makosa hayakuwa yake.

Turudi nyumbani. Kenya pia inakuruhusu kuweka jina lako kwa gari. Bei ya NTSA ni shilingi milioni moja. Kwa hiyo doh unapata Vitz iliyotumika na unabaki na ya mafuta, lakini pesa ni yako, sikupangii. Kabla ulipe, uliza swali moja na ujibiwe kwa maandishi: nikiuza hii gari, jina linaenda na nani? Maana namba zetu za kawaida hufuata gari hadi kwa mnunuzi. Pia jiulize ni nani mwingine atalitaka. P 7 inatakikana na kila tajiri wa Dubai. "SHIRO 1" inatakikana na Shiro. Tena si kila Shiro, ni yule mwenye milioni ya kuchezea. Na usiende kuchapishiwa yako kichinichini River Road. Namba plate mpya zilizozinduliwa Agosti 2022 zina alama za usalama, na ukishikwa na feki, hiyo ni kesi.

Kwa wengi wetu, pesa inapotelea kwa ile KD. Mfululizo mmoja, tuseme KDA, unaenda kutoka 001A hadi 999Z. Herufi I na O zinarukwa ndio zisichanganywe na moja na sifuri, kwa hivyo unabaki na herufi 24 mara 999. Hizo ni namba 23,976 tu, halafu inaanza KDB. Zinapewa gari zikisajiliwa hapa Kenya. Narudia, zikisajiliwa hapa, si zikitengenezwa. Na gari iliyotumika inaruhusiwa kuingia nchini ikiwa haijapita miaka 8. Ndio maana KDA ya 2020 inaweza kuwa gari iliyotembea Japani tangu 2013, halafu KCX ya jirani, iliyoingia ikiwa haijaguswa, ni changa kuliko hiyo.

Broka anajua hii story vizuri sana. Atakuuzia herufi, na wewe utalipa ukidhani umenunua umri. Mwaka wa kutengenezwa uko kwa logbook. Itishe kabla utume deposit.