Unguja: Kutoka Karafuu Hadi Wageni

Maji yakishakupwa Paje, wanawake huteremka pwani na kamba zao. Huinama katikati ya maji, wakikaza vishada vya mwani kimoja baada ya kingine kwenye kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili. Nyuma yao hoteli zimeukabili ufukwe. Mwani na hoteli vilianza kushamiri Unguja karibu wakati mmoja, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, baada ya karafuu kuanguka.

Kwa zaidi ya karne moja karafuu ndiyo iliyoilisha Zanzibar. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikaubeba mzigo. Pigo la pili lilitoka sokoni: Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza. Bei ikaporomoka. Ndipo Zanzibar ikawafungulia mlango wawekezaji na watalii. Mwaka 1985 wageni hawakufika 20,000. Mwaka 2024 walivuka 700,000.

Neema hiyo imeleta ajira, barabara na soko. Hata hivyo, mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, hoteli zilibaki tupu na vijana wakarudi majumbani bila kazi. Tulikuwa tumetoka kwenye zao moja, tukaingia kwenye jingine.

Njia iliyo bora tunayo hapa hapa. Miamba ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi wa vijiji jirani walifundishwa kuilinda, na wanailinda bila silaha. Nyumba za wageni hukinga maji ya mvua kwa mapaa yake, na vyoo havitumii maji. Fedha za wageni husaidia pia kuwapeleka wanafunzi kisiwani kujifunza bahari. Katika msitu wa Jozani nako, vijiji vinavyoishi na kima punju hupata sehemu ya viingilio vya watalii.

Hayo yasibaki mifano ya kuonyeshwa wageni. Yawe masharti kwa kila anayejenga. Pwani ya mashariki, ilipo Paje, ni jiwe la matumbawe, na maji baridi ya mvua hukaa chini yake, juu ya maji ya bahari. Hoteli zikiyavuta kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda. Mkarafuu ukianguka, hupandwa mwingine. Kisima kikishaingia chumvi, mama wa Paje atateka wapi?