Pamba ya Uzbekistan na Watoto Waliotolewa Shuleni (Sehemu ya 3)

Juzi tuliongea nguo zinazomfaa mtoto mchanga, na wengi mkasema pamba. Sawa kabisa. Leo tuone pamba hiyo iliwagharimu nini watoto wa wenzetu.

Twende Uzbekistan, Asia ya Kati. Enzi za ukomunisti, Moscow iliamua nchi hii ilime pamba kwa wingi. Kuanzia miaka ya 1960, maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yakachepushwa kwenda mashambani. Bahari ya Aral, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ikaanza kukauka. Upepo ukabeba vumbi la chumvi na dawa za mashambani mpaka majumbani, na kina mama wa Karakalpakstan wakasumbuliwa sana na upungufu wa damu.

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Mambo yakabadilika? Wapi! Serikali mpya ilihitaji dola, na pamba ilikuwa na soko. Ikaendelea kupangia kila mkoa kiasi cha kuvuna, ikamlipa mkulima bei ndogo, halafu yenyewe ikauza nje kwa bei ya dunia. Kila msimu wa mavuno watoto walitolewa darasani. Walimu, madaktari na hata manesi wenzangu walipelekwa shambani. Hebu fikiria uchungu umeshika, nesi yuko anachuma pamba!

Wanaharakati wa huko wakaanza kurekodi hayo yote, na zaidi ya kampuni 300 za nguo zikaahidi kutotumia pamba hiyo. Rais Islam Karimov alifariki 2016, na mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, akaanza mageuzi. Mwaka 2020 viwango vya lazima vikafutwa. Shirika la Kazi Duniani likathibitisha kuwa katika mavuno ya 2021 serikali haikuwa tena ikiwalazimisha watu kwa mpango, wala watoto. Machi 2022 mgomo wa wanunuzi ukaisha.

Mnaona jamani? Soko lilelile lililowatoa watoto shuleni, wanunuzi walipokataa, likasaidia kuwarudisha. Ila maji ya Aral upande wa Uzbekistan hayajarudi. Kwa hiyo ukisikia biashara ya nje inaleta maendeleo, uliza: pesa inamfikia nani, na mtoto anabakiziwa nini?

Sehemu ya 4: upande wa Kazakhstan, ambako bwawa la Kokaral la 2005 limerudisha samaki. Tuwe pamoja.