Mgombea Asiye na Chama: Abraham Lincoln na Uchaguzi wa Illinois wa 1832

Uchaguzi aliyoshindwa mtu aghalabu huwa na mafunzo kuliko ule alioshinda, kwa kuwa ushindi huzifunika sababu zake na kushindwa huziweka wazi. Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1861 hata alipouawa 1865, aligombea kwa mara ya kwanza mwaka 1832, akitaka kiti katika bunge la jimbo la Illinois, naye akashindwa. Wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita jambo hili upesi, kama msafiri apitaye kijiji kidogo huku macho yake yakiutazama mji mkubwa ulio mbele. Insha hii yakusudia kutua hapo kijijini. Swali lake ni moja: mtu asiyetumwa na chama hutegemea nini mbele ya wapiga kura, na tegemeo hilo laweza kumfikisha wapi?

Kwanza yafaa ieleweke Illinois ya zamani hizo ilikuwaje. Ilipata kuwa jimbo la Marekani mwaka 1818, na hesabu ya watu ya 1830 ilionyesha wakazi 157,445. Wilaya ya Sangamon, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ilivyo sasa, ilikuwa na viti vinne katika baraza la wawakilishi la jimbo. Siasa ilikuwa na pande zake: wako waliompenda Rais Andrew Jackson, na wako waliompenda mpinzani wake, Henry Clay. Lakini pande hizo zilikuwa bado hazijawa vyama kamili. Hapakuwa na mkutano wa kuteua wagombea, wala kadi, wala kamati ya kumpa mtu idhini. Aliyetaka kiti alijitangaza mwenyewe. Lincoln alikuwa mfuasi wa Clay wala hakuficha, bali hapana chama kilichomtuma. Kwa lugha yetu ya leo twaweza kumwita mgombea binafsi, ijapokuwa pale ambapo wagombea wote walikuwa hivyo jina hilo lisingalikuwa na maana yoyote.

Alikuwa na umri wa miaka 23. Alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809, akahamia Illinois pamoja na jamaa zake mwaka 1830, na mwaka uliofuata akafika peke yake New Salem, kijiji kidogo juu ya ukingo wa mto Sangamon, akawa karani wa duka. Hakuwa na shamba, wala nyumba, wala ndugu kijijini hapo. Na masomo yake yote ya shuleni, kwa hesabu yake mwenyewe, hayakutimia mwaka mmoja. Tangazo lake kwa watu wa wilaya lina tarehe ya 9 Machi 1832, nalo lilichapwa siku chache baadaye katika gazeti la Sangamo Journal. Humo alisema waziwazi kwamba amezaliwa na kukaa katika unyonge, kwamba hana jamaa matajiri au mashuhuri wa kumsemea, na kwamba shauri lake analiweka mikononi mwa wapiga kura wanaojiamulia wenyewe. Wakiona vema kumwacha nyuma, alisema, amekwisha zoea kuvunjika moyo kiasi cha kutosononeka sana.

Hata hivyo tangazo hilo si ombi la huruma. Sehemu yake kubwa ni hoja. Watu wa Sangamon walikuwa na nafaka na nyama ya nguruwe, lakini njia ya kuzifikisha sokoni ilikuwa ngumu. Wengine walitaka reli. Lincoln alikubali kuwa reli ni jambo jema, kisha akawakumbusha gharama yake, iliyokadiriwa kuwa dola 290,000, fedha ambazo wilaya haikuwa nazo. Akashauri kwamba ni afadhali kuusafisha mto Sangamon na kuunyoosha penye mapindi ili vyombo vipate kupita. Juu ya mto huo alisema kwa ujuzi, maana mwaka 1831 alikuwa ameupita kwa chombo cha mizigo kilichokuwa kikienda New Orleans. Tena alitaka sheria ya kuzuia riba ya kupita kiasi, na elimu aliitaja kuwa jambo kuu kupita yote ambayo wananchi waweza kuyashughulikia. Mwezi huohuo wa Machi meli ya moshi iitwayo Talisman ilipanda mto hadi karibu na Springfield, na watu wakashangilia wakidhani bahari imekuja mlangoni. Maji yakapungua. Ikabidi meli irudishwe chini kwa taabu, Lincoln akiwa mmoja wa walioiongoza, na sehemu ya boma la kinu hapo New Salem ikavunjwa ili ipate kupita. Hoja ya mto ikapata pigo mbele ya macho ya watu wote.

Kisha vita ikaingia kati. Mwezi wa Aprili Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, aliuvuka mto Mississippi pamoja na watu wake kurudi katika nchi waliyonyang'anywa kwa mkataba wa 1804, mkataba ambao yeye hakuukiri kuwa halali. Jimbo likaita askari wa kujitolea. Lincoln alijiandikisha tarehe 21 Aprili, na wenzake wakamchagua kuwa kapteni wao. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba hakuwa amepata ushindi mwingine uliompendeza kama huo. Hakupigana vita hata siku moja. Aliachiliwa tarehe 10 Julai, na farasi wake akiwa ameibwa, sehemu kubwa ya njia ya kurudi aliikata kwa miguu na kwa mtumbwi. Alipofika nyumbani zilikuwa zimesalia wiki mbili tatu tu kabla ya uchaguzi.

Hapa msomaji asisahau jambo moja. Katiba ya Illinois ya 1818 iliwapa kura wanaume weupe peke yao, waliotimiza miaka 21 na kukaa jimboni miezi sita. Weusi hawakuhesabiwa, wanawake hawakuhesabiwa, na wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakiuawa kwa wingi penye mto Bad Axe tarehe 1 na 2 Agosti, siku chache kabla ya watu wa Sangamon kupiga kura. Tunaposema kwamba mlango wa uchaguzi ulikuwa wazi kwa maskini asiye na chama, tuseme pia ni maskini yupi.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 6 Agosti 1832. Kura haikuwa ya siri. Mpiga kura alisimama mbele ya makarani akatamka majina ya awatakao, wasiozidi wanne, nao wakayaandika daftarini huku waliohudhuria wakisikia. Wasomaji wa Kenya waikumbukao kura ya mlolongo ya 1988 watafahamu kwamba kura iliyo hadharani humtia mtu haya mbele ya mkubwa wake. Lakini katika kijiji cha watu walio sawa yaweza pia kumtia haya ya kumkana jirani. Wagombea walikuwa 13. Viti vinne vilikwenda kwa E. D. Taylor, John T. Stuart, Achilles Morris na mhubiri wa Kimethodisti, Peter Cartwright, aliyekuwa wa nne kwa kura 815. Lincoln alipata 657, akawa wa nane.

Lakini jumla hiyo yahitaji kupasuliwa ili kiini chake kionekane. Katika kituo cha New Salem, penye wapiga kura wapatao 300, alipata 277. Wilaya nzima iliyobaki, pamoja na ukubwa wake wote, ilimpa 380 tu. Penye watu waliomjua alikuwa karibu kauli moja. Wasikomjua alikuwa jina tu miongoni mwa majina. Tena kuna ushahidi mwingine wenye nguvu zaidi, nao aliutaja mwenyewe alipoandika habari za maisha yake mwaka 1860: majira yale ya kupukutika majani, kituo hichohicho kilimpa Jackson kura 115 zaidi ya Clay. Maana yake, wengi wa majirani waliompigia kura Lincoln walikuwa wa upande usio wake. Ni kweli kwamba kila mtu alikuwa na majina manne ya kutaja, hivyo kumtaja kijana wa dukani hakukumnyima mtu nafasi ya kuwataja wa upande wake. Hata hivyo hawakulazimika, nao walifanya. Walimpigia mtu, si bendera.

Mgombea asiye na chama, basi, hutegemea kujulikana, na kujulikana kuna mpaka. Hufika pale inapofika miguu ya mtu na sauti yake. Lincoln alipogombea tena mwaka 1834 hoja zake hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni mpaka huo. Mwezi wa Mei 1833 alifanywa mkuu wa posta wa New Salem, na baadaye akawa mpima ardhi msaidizi wa wilaya, kazi aliyopewa na John Calhoun, mfuasi wa Jackson. Posta ilimkutanisha na kila apokeaye barua, na kamba ya kupimia ardhi ilimpeleka kwenye mashamba ya watu waliokuwa hawajamwona. Akashinda kwa kura 1,376, akawa wa pili katika wilaya. Alikaa katika bunge hilo hata 1842. Na humo, mwezi wa Machi 1837, yeye na Dan Stone waliandika pingamizi yao wakisema kuwa utumwa ni dhuluma, baada ya baraza kupitisha kwa kura 77 dhidi ya 6 maazimio ya kuwashutumu wapinga utumwa.

Historia haikuishia hapo. Vyama vilikomaa, na kuanzia 1835 wafuasi wa Jackson katika Illinois wakaanza kuteua wagombea wao kwa mikutano mikuu. Wawhigi, chama cha Lincoln, walishindwa mara kwa mara kwa kugawanya kura zao. Mwezi wa Machi 1843 Lincoln alikuwa mmoja wa wanakamati watatu waliowaandikia Wawhigi wa jimbo kuwahimiza wakubali utaratibu wa kuteua kwa mkutano. Umoja ni nguvu, walisema, na nyumba iliyogawanyika haisimami. Mwaka huohuo utaratibu wenyewe ulimwonjesha uchungu wake: Wawhigi wa Sangamon walimpendelea Edward Baker awe mgombea wao wa Bunge la Taifa, nao wakamtuma Lincoln mkutanoni kwenda kumsemea mshindani wake. Alikwenda. Yule aliyeanza kwa kujitangaza mwenyewe akawa mtetezi wa chama hata pale chama kilipomnyima.

Je, alijikana nafsi yake? Sidhani. Alikuwa ameona kwamba chama ni chombo cha kumfanya mtu ajulikane asikofika. Bila ya chama asingalifika 1860. Lakini bila ya uchaguzi wa 1832 chama kisingalimwona. Mambo haya si mageni kwetu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1960, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Hapo tena watu walimjua mtu wao. Baadaye mlango ulifungwa kwa sheria, na Mchungaji Christopher Mtikila akaugonga mahakamani kwa miaka ishirini: Mahakama Kuu ilimpa haki 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ikaamua 2013 kwamba katazo hilo lavunja haki. Kenya iliufungua mlango huo katika Katiba yake ya 2010.

Wanaotaka mlango ufungwe husema kwamba mgombea binafsi huleta vurugu na mara chache hushinda. Hoja ya pili ina kweli ndani yake, na kura 657 za Sangamon ni shahidi wake. Lakini kura 277 za New Salem ni shahidi pia. Zilimwonyesha kijana maskini kwamba majirani wamemwona kuwa afaa, nazo zilimfanya ajaribu tena. Chama chenye hekima hutafuta watu wa namna hiyo. Basi yapasa pawepo kwanza mahali ambapo mtu wa namna hiyo aweza kuonekana, hata kama siku ile ya kwanza atakuwa wa nane.