Burntisland: Kanisa la Mraba la Mabaharia

Burntisland ni mji wa bandari katika eneo la Fife, Uskoti, kwenye pwani ya kaskazini ya mlango wa mto Forth, ukitazamana na Edinburgh ng'ambo ya maji. Kwa muda mrefu waumini wake walisali Kirkton, nje kidogo ya bandari, katika kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1243. Biashara ya baharini ilipoukuza mji, wenyeji waliamua kujijengea kanisa lao. Kazi ilianza mwaka 1592, miaka 32 baada ya Bunge la Uskoti kukana mamlaka ya Papa na kupiga marufuku misa.

Tarehe hiyo ndiyo ufunguo wa jengo lenyewe. Parokia nyingi za Uskoti zilirithi makanisa ya Kikatoliki, marefu, yenye madhabahu upande wa mashariki. Waprotestanti waliyarekebisha walivyoweza: wengine waliweka kuta za kuyagawa, wengine walihamishia mimbari kwenye ukuta mrefu. Burntisland walianza na kiwanja kitupu, wakajenga mraba. Ibada sasa ilikuwa ni kusikiliza Neno, na katika mraba hakuna anayekaa mbali na mhubiri.

Katikati zimesimama nguzo nne nene za mawe zilizounganishwa kwa matao, na mnara umeketi juu yake. Kutoka kila nguzo, tao jingine linakwenda kimshazari hadi kwenye kona ya jengo, likisaidia kuhimili uzito huo. Sehemu ya juu ya mnara, yenye pembe nane, ni ya karne ya 18.

Lakini kuondoa madhabahu hakukuondoa vyeo. Mwaka 1606 Sir Robert Melville, bwana wa ngome ya Rossend iliyo jirani, alitengenezewa kiti cha fahari chenye nakshi na paa lake, kikiegemea nguzo mojawapo. Vyama vya mafundi navyo vikajitwalia sehemu zao kwenye roshani: waokaji mikate, washonaji na wahunzi, kila chama chini ya alama yake. Aliyeingia kanisani aliweza kujua nani ni nani mjini kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

Roshani ya mabaharia ndiyo inayovutia zaidi. Mbao zake zilichorwa rangi katika karne ya 17: merikebu zimetweka matanga, na baharia ameshika chombo chake cha kupimia. Ngazi yao iko nje, imeshikamana na ukuta. Wenyeji husimulia kwamba iliwekwa hivyo ili maji yakijaa katikati ya mahubiri, mabaharia watoke kwenda kung'oa nanga bila kuwasumbua wenzao.

Mei 1601 kanisa hili changa lilipokea wageni wakubwa. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti ulikutana hapa, na mfalme James VI akahudhuria. Ndipo lilipotolewa pendekezo la kutafsiri Biblia upya kwa Kiingereza. Waskoti wakati huo walisoma Biblia ya Geneva, ambayo mfalme hakuipenda kwa sababu baadhi ya maelezo yake ya pembeni yaliwaruhusu watu kuwapinga watawala. Pendekezo halikutekelezwa wakati ule. Mwaka 1603 James alirithi pia kiti cha Uingereza, mwaka uliofuata suala hilo likaibuka tena katika kikao cha Hampton Court, na mwaka 1611 ikachapishwa tafsiri inayojulikana hadi leo kwa jina lake.

Sifa hiyo ya mwaka 1601 ndiyo inayotangulia kila Burntisland inapotajwa. Hata hivyo, mjadala ule ungeweza kufanyika katika mji mwingine wowote wa Uskoti. Kisichopatikana kwingine kwa urahisi ni jengo hili lenyewe, ambamo imani mpya ilichora ramani yake kuanzia msingi, na watu wa bandari wakaijaza kwa desturi zao za zamani.